Jina Katika Beti za Mwisho

Mtunzi wa tenzi wa zamani aghalabu hakuifunga kazi yake mpaka amejitaja. Katika beti za mwisho alitia jina lake, jina la babake, pengine na mji wake na mwaka wa kutunga. Hakuwa na majivuno. Alijua kwamba utenzi ukishatoka mkononi mwake utanakiliwa na watu asiowajua, na kwamba mnakili mmoja msahaulifu anatosha kumfuta mtunzi duniani. Wanazuoni wetu nao walishikilia isnadi: nani kapokea kwa nani, na huyo kapokea kwa nani.

Wanasayansi wana beti zao za mwisho. Kila makala hufungwa kwa orodha ya marejeo na mistari michache ya shukrani. Msomaji wa kawaida huruka sehemu hiyo, lakini ndimo mlimo nasaba ya elimu. Katika makala haya nataka kumsimulia mwanamke mmoja ambaye jina lake lilikaa pahala pasipo pake katika beti hizo, nalo likachukua miaka mingi kurudi.

Rosalind Franklin alizaliwa London tarehe 25 Julai 1920. Alisoma Chuo cha Newnham, Cambridge, na wakati wa vita akaingia kazi ya kuchunguza makaa ya mawe. Mwaka 1945 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti huo. Kuanzia 1947 alikuwa Paris, ambako kwa Jacques Mering alijifunza kuipitisha miale ya eksirei ndani ya vitu na kusoma madoa inayoacha juu ya filamu. Mwaka 1951 alichapisha makala yaliyogawa kaboni katika makundi mawili: zile ambazo zikipashwa moto mkali hujipanga na kuwa grafiti, na zile zisizojipanga hata moto ufike nyuzi 3,000. Mgawanyo huo unatumika hadi leo, na wahandisi wa betri bado wanamnukuu. Laiti angeishia hapo, angelikuwa na heshima yake miongoni mwa wanakemia, na sisi tusingelimjua.

Januari 1951 aliingia King's College, London, kuchunguza DNA, ile molekuli inayobeba urithi wa viumbe. Hapo palizuka tatizo ambalo hakulitengeneza yeye. Mkuu wa maabara, John Randall, alikuwa amemwandikia kwamba kazi ya eksirei itakuwa yake na ya mwanafunzi Raymond Gosling. Maurice Wilkins, aliyekuwa ameianza kazi hiyo, hakuambiwa hivyo. Barua moja iliyomfikia mmoja na kumkosa mwingine ikawatia uhasama watu wawili ambao wangeweza kushirikiana.

Pamoja na hayo kazi ilisonga. Kwa kudhibiti unyevu wa hewa, Franklin na Gosling waligundua kwamba uzi wa DNA una maumbo mawili: moja la ukavu, walilolipa jina A, na jingine la umajimaji, waliloliita B. Mwezi Mei 1952 walipata picha ya umbo la B iliyokuja kujulikana kwa nambari yake, 51. Iliwachukua zaidi ya saa 60 za kuimulika. Juu ya filamu ulitokea msalaba wa madoa meusi, na kwa mjuzi wa fani hiyo msalaba huo ni alama ya kitu kilichojizungusha kama kamba.

Mwishoni mwa Januari 1953 Wilkins alimwonyesha James Watson picha ile, na Franklin hakuwa na habari. Mwezi uliofuata, ripoti ya King's yenye vipimo vya Franklin ilimfikia Francis Crick kwa mkono wa Max Perutz. Tarehe 25 Aprili 1953 jarida la Nature likatoa makala matatu yanayofuatana: ya Watson na Crick, kisha ya Wilkins na wenzake, kisha ya Franklin na Gosling.

Hapa ndipo penye kisa. Makala ya Watson na Crick yana marejeo sita tu. Franklin hamo. Ametajwa katika mstari wa shukrani, pamoja na Wilkins na wenzao, kwamba fikra zao na matokeo yao yasiyochapishwa, kwa ujumla wake, yaliwachochea waandishi. Na mahali pengine katika makala yayo hayo waandishi wanasema kwamba walipolibuni umbo lao hawakuyajua kwa undani matokeo yaliyomo katika makala yanayofuata. Franklin na Gosling, kwa upande wao, waliandika kwa adabu kwamba wanayoyaona wao hayapingani na umbo lililopendekezwa na wenzao. Msomaji wa siku ile alielewa nini? Alielewa kwamba wawili wamefumbua fumbo, na bibi huyu amekuja kuwatolea ushahidi. Mama amegeuzwa shahidi wa kuzaliwa kwa mwanawe.

Tusipunje upande wa pili. Kulinganisha herufi za DNA jozi kwa jozi, jambo ambalo ndilo siri ya urithi, ilikuwa kazi ya Watson na Crick. Wala Franklin hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Madaftari yake yanaonyesha kwamba Februari 1953 alikuwa amekwisha kufika kwenye nyuzi mbili, akiwa peke yake. Mwaka 2023 Matthew Cobb na Nathaniel Comfort waliandika katika Nature iyo hiyo kwamba inafaa ahesabiwe mshirika sawa katika ugunduzi ule, si mwathirika wake. Nami naona hivyo ndivyo heshima inavyotaka.

Ushahidi mkubwa wa uwezo wake ni yale aliyofanya baadaye. Mwaka 1953 alihamia Birkbeck, kwa J. D. Bernal, akageukia virusi vya batobato la tumbaku. Wakulima wetu wa muhogo wanalijua batobato, ijapokuwa virusi vyake ni vingine. Huko alipata alichokikosa King's, yaani wenzi. Aaron Klug alijiunga naye, wakafuata wanafunzi Kenneth Holmes na John Finch. Mwaka 1956 yeye na Mmarekani Donald Caspar walitoa makala mawili pamoja katika Nature, kila mmoja akieleza sehemu yake, na kwa kuyalinganisha ikajulikana mahali ilipokaa asidi ya urithi ndani ya kijiti kile cha protini. Ilikuwa tena makala kuwekwa ubavuni mwa makala, kama Aprili 1953, lakini safari hii kila mwenye chake alikuwa anajua mwenziwe ana nini.

Mwaka huo huo wa 1956 alipatikana na saratani. Aliendelea kufanya kazi, akaanza na virusi vya polio. Alifariki tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na miaka 37. Ameacha makala 19 juu ya makaa na kaboni, 5 juu ya DNA na 21 juu ya virusi. Finch na Klug walipoichapisha kazi ya polio mwaka 1959, waliitabaruku kwa kumbukumbu yake. Mwaka 1962 Watson, Crick na Wilkins walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1982 akaipata Klug, naye alipopanda jukwaani alimtaja mwanamke aliyemfungulia mlango. Hiyo ndiyo isnadi.

Leo watafiti hupimwa kwa hesabu ya kunukuliwa. Fikra hiyo ilipendekezwa na Eugene Garfield mwaka 1955, na faharasa yake kubwa ya sayansi ikaanza kutoka mwaka 1964. Ni chombo cha manufaa, lakini kina mambo ya kushangaza. Makala yaliyonukuliwa kuliko yote ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, yanayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini. Kufikia 2014 yalikuwa yamenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Makala ya Watson na Crick hayakuwamo hata katika mia ya kwanza. Jambo likishajulikana na wote halinukuliwi tena, kama vile hakuna anayemtaja mtunzi wa methali. Basi hesabu hutuambia ni chombo gani kinashikwa kila siku, haituambii nani alilipa nini. Na jina ambalo halikuandikwa katika marejeo, mashine haina njia ya kulihesabu.

Kwa nini mshairi wa kisiwani ajishughulishe na haya? Niseme ukweli wangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifasiri diwani moja, nikakwama katika neno la kale. Bibi mmoja wa mtaani, asiyejua kusoma, alinifungulia neno lile kwa mfano wa kamba ya jahazi, na beti nzima ikanyooka. Kitabu kilipotoka, maelezo ya neno lile yalikuwamo chini ya ukurasa, kwa jina langu. Katika shukrani niliandika kwamba nawashukuru wazee wote walionisaidia. Niliridhika na mstari ule. Nilipousoma mstari wa shukrani wa mwaka 1953 ndipo nilipoutambua wangu.

Bibi yule ametangulia mbele ya haki, na kitabu hakikuchapwa tena. Nakala yangu ninayo, nimeandika jina lake pembeni kwa kalamu ya wino. Najua haitoshi, kwani waliokinunua hawatakiona kilichoandikwa chumbani kwangu. Lakini tangu siku hiyo sifungi kazi yoyote bila ya kujiuliza nimepokea kwa nani, na kumtaja kwa jina lake, mahali ambapo msomaji hawezi kumruka.