Kutoka Belo Hadi kwa Fundi

Leso ya kwanza, yaani kanga, kama inavyosimuliwa pwani, ilishonwa nyumbani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, maduka ya Zanzibar na Mombasa yaliuza vitambaa vya mkononi vyenye marembo, vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Wanawake wakaacha kununua kimoja kimoja. Walikata sita kwa mkupuo, wakapanga vitatu juu na vitatu chini, wakaviunga kwa sindano na uzi, wakajitanda. Wenye maduka walipoona mtindo umeshika, waliagiza kwa wachapaji wa ng'ambo kitambaa kizima chenye sura hiyohiyo. Kiwanda kikaiga kibaraza.

Naanza na kisa hicho kwa sababu historia ya nguo zetu, hasa ya mitumba, imezoeleka kusimuliwa kutokea bandarini: makontena mangapi yameingia, ushuru umepanda kiasi gani, kiwanda gani kimefungwa. Ni historia ya kweli na nitaigusa. Tatizo ni kwamba huishia pale belo, yaani robota la nguo, linapokatwa kamba. Kuanzia hapo mtu anachagua, anapunguza, anaazima, anarithisha, na kabati lake linajengeka kwa kazi isiyoonekana kwenye hesabu za forodha.

Kazi hiyo ni ya kale kuliko mitumba. Merikani, pamba nzito iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem tangu miaka ya 1830, ilikuwa vazi la watumwa na maskini. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliiweka kando wakavaa kanga, nao wanaume wakashika kanzu na kofia. Miaka hiyohiyo ya 1890, Lamu na Mombasa zilianza ngoma za beni, ambamo vikundi pinzani vilishindana kwa tarumbeta na pia kwa mavazi ya kuiga jeshi: kofia za maofisa, mikanda, vyeo begani. Baada ya vita kuu zote mbili za dunia, wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliuza Afrika makoti ya jeshi yaliyokosa askari wa kuyavaa. Kabuti likawa la mlinzi wa usiku, na la mzee wa milimani anayetoka kukama ng'ombe alfajiri kwenye ukungu.

Uhuru ulipokuja, nguo ikawa siasa. Nchini Tanzania, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zisionekane Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilizinduliwa. Mwanza kulikuwa na Mwatex, na baadaye Musoma ikapata Mutex. Nchi iliamini itavaa pamba yake yenyewe, na kwa miaka kadhaa ilivaa.

Kisha mambo yakaharibika. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikala fedha za kigeni. Mashine za viwandani zilikosa vipuri. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kwa sabuni, sukari na kitambaa, na mwaka 1983 serikali ikaanza kuwasaka walanguzi. Ni katika uhaba huo, kwa maoni yangu, ndipo kizazi kizima kilipojifunza kuitazama nguo kama malighafi. Kola ya shati ikichakaa, fundi aliifumua akaigeuza upande wa pili, shati likapata maisha mengine. Suruali ya baba ilikatwa ikawa kaptula ya shule. Wasichana waliokuwa wamesoma ushonaji katika sayansi kimu, ambayo wavulana waliicheka darasani, ghafla walikuwa na ujuzi unaotafutwa na mtaa mzima.

Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu, watu wakampa jina la Mzee Ruksa, na mitumba ikajaa. Mwanzoni iliitwa kafa ulaya, kwa kebehi. Haikuchukua muda, waliokebehi nao wakawa wanaamka mapema kuwahi belo. Kenya ilifungua soko lake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Gikomba, soko la Nairobi, ikageuka bahari ya nguo. Mwaka 2019 pekee nchi hiyo iliingiza takriban tani 185,000.

Viwanda vya nguo vilianguka kimoja baada ya kingine, na lawama ikaangukia mitumba. Sehemu ya lawama hiyo ni haki. Lakini viwanda hivyo vilikuwa vinaumwa tayari: mashine chakavu, umeme wa kukatika, mkulima wa pamba asiyelipwa kwa wakati. Mtumba ulimkuta mgonjwa kitandani.

Nguo zenyewe hutoka wapi? Nyingi hutoka kwa watu waliozitoa bure. Oxfam ilifungua duka lake la Broad Street mjini Oxford mwishoni mwa 1947, na mashirika mengine mengi ya hisani ya Uingereza, Ujerumani na Marekani hukusanya nguo kwa njia kama hiyo. Kinachouzika kule hubaki kule. Kingine huuzwa kwa kilo, huchambuliwa huko Ulaya au katika maghala ya Karachi na Falme za Kiarabu, hukandamizwa na mashine na kufungwa. Belo la kawaida lina kilo 45 na huwa la aina moja: mashati ya kiume, magauni ya pamba, sweta, mapazia. Mnunuzi halifungui kabla ya kulipa. Analipia jina lililoandikwa juu na kuomba Mungu.

Likifunguliwa, Gikomba huita chaguo la kwanza kamera na rundo la mwisho fagia. Katikati ya viwili hivyo kuna elimu. Mchaguaji mzoefu hashughuliki na ukubwa. Anasugua kitambaa kati ya vidole, anageuza nguo ndani nje aone mshono, anakagua kwapa, magoti na zipu. Doa la kutu ni gumu kuondoka, hivyo analiacha. Kifungo kilichokatika si hoja. Ukubwa ni kazi ya fundi.

Na fundi hayuko mbali. Ukienda masoko ya Karume Dar es Salaam, Memorial Moshi au Mlango Mmoja Mwanza, utawakuta na cherehani za Singer na Butterfly, wengi wakiwa na kazi moja kubwa: kupunguza. Suruali ya kiuno 38 inataka kurudi 32. Fundi anafumua mkanda kwa nyuma, anaingiza mshono wa makalio, anarudishia mkanda, anapiga pasi. Ikizidi, mifuko ya nyuma husogeleana mpaka nguo inamuumbua aliyeivaa, na fundi mwaminifu atasema mapema: "Kaka, hii tukiibana hivyo mifuko itabusiana." Koti ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu bega haliongopi. Wengi hulikwepa, au hukubali kupunguza mikono na ubavu tu. Gauni refu la kizee hukatwa kiunoni likawa sketi na blauzi. Pazia la maua, likiwa zito, huwa gauni zuri ajabu kwa asiyejua lilikotoka. Nakiri napenda kazi hii kuliko ushonaji wa nguo mpya. Kwenye kitambaa kipya fundi anaamua kila kitu. Kwenye mtumba lazima abishane na fundi mwingine asiyemjua, aliyekwisha kata.

Sehemu nyingine ya kabati haipiti sokoni kabisa. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na marafiki au mtu na wifi yake hugawana kila mmoja kipande chake. Nguo za mtoto mkubwa hushuka kwa mdogo, kisha kwa binamu kijijini, zikisafiri ndani ya mfuko wa salfeti juu ya basi. Kuna waliopita mitaani na mabeseni na vikombe vya plastiki wakitoa mali kwa mali: toa nguo kuukuu, chukua chombo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini harusi zetu zingekuwa na hali gani bila viatu vya dada, mkoba wa shangazi na koti la jirani? Hata sare ya harusi, ambayo ingepaswa kuwafananisha wote, huishia kuwa mashindano ya mishono, kwa kuwa kitambaa ni kimoja na mafundi ni wengi.

Wanasiasa wamejaribu mara kadhaa kuufunga mlango. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani walipeleka malalamiko Washington, na mpango wa AGOA, uliofungulia bidhaa za Afrika soko la Marekani bila ushuru, ukawekwa mezani. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda haikurudi, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Kenya ilizuia mitumba Machi 2020 kwa hofu ya korona, ikaifungulia Agosti. Rais Museveni wa Uganda naye alitangaza marufuku mwaka 2023, akisema ni nguo za Wazungu waliokufa.

Kwa sasa mpinzani mkubwa wa mtumba yuko Kariakoo, Dar es Salaam: nguo mpya za bei nafuu kutoka China, zikiwa ndani ya nailoni, zikinukia dukani. Wauza mitumba wamejibu kwa kufua, kupiga pasi na kuweka picha Instagram, wakiandika "grade one" na vipimo vya kifua na kiuno. Wanunuzi huchanganya vyote viwili, na vyote huishia kwa fundi yuleyule. Yeye ana malalamiko yake. Shati la zamani lilishonwa na akiba ya kitambaa ndani ya mshono, hivyo mwenye nalo akinenepa linaongezeka. Mengi ya haya mapya yameshonwa ukingoni kabisa, yakafungwa kwa overloki. Yanapungua, lakini hayaongezeki. Ndiyo maana ukimpelekea nguo, kabla hajauliza unataka nini, anaigeuza ndani nje kupima upana wa pindo.