Tingatinga: sanaa iliyozaliwa sokoni

Nikiwa bado mgeni gazetini, niliandika makala ya kuwaponda wachoraji wa Tingatinga. Twiga yule yule, tembo yule yule, kila kibanda! Nikasema watalii wameiua sanaa yetu. Nilijiona msomi kweli kweli.

Kesho yake mchoraji mmoja alinisubiri nje ya ofisi, gazeti mkononi. Akaniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, kwako ukutani umetundika picha ya nani?"

Nilikuwa nimetundika kalenda ya benki.

Basi nikarudi kusoma historia niliyopaswa kuisoma kabla ya kuandika. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Shule ya sanaa hakuiona. Alichukua alichokimudu: vipande vya silingi bodi na rangi za kupakia baiskeli. Ule mraba na ule mng'ao tunaouita mtindo ulianzia kwenye hesabu za mfukoni. Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, walikopita wazungu wenye pesa. Kwa hiyo, wadau, soko halikuivamia sanaa hii ukubwani. Lilikuwepo tangu inazaliwa.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne tu. Wanafunzi wake, baadhi yao ndugu zake, waliendelea kwa sababu wateja waliendelea kuja, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Mtalii husafiri na begi, hivyo picha nyingine zikawa ndogo, na ubao ukapisha kitambaa kinachokunjika. Huo nao ni ubunifu.

Ubaya wa soko hilo ni kwamba mnunuzi wa kupita anataka kile alichokwisha kukiona kwenye kadi ya posta. Anayejaribu jambo jipya ndiye anayelala njaa. Mimi nikamlaumu mchoraji, kumbe wateja wa aina moja huzaa picha za aina moja. Na sisi wenye mishahara, mabingwa wa kulalamika, wangapi tumewahi kununua?

Kalenda nimeitoa. Nilimwomba yule bwana achore anachotaka mwenyewe, akachora daladala limejaa hadi mlangoni. Twiga hakuna. Nimelipa kwa awamu mbili.

Je, wewe mwenzangu, ukutani kwako kuna nini?