Asili ya Jina "Mguu wa Kuku"

Katika Kata ya Mbebe, wilayani Ileje, mguu wa kuku ni kitoweo. Lakini, kama ilivyo kwingi Tanzania, asikiaye jina hilo aweza pia kuelewa kwamba yatajwa bastola. Maana hii ya pili ni ya mitaani, wala haikufundishwa shuleni.

Jina rasmi ni geni. Bastola yatokana na pistola ya Kireno. Na kwa kuwa Kiswahili chaijua sauti p, yaelekea ile b ilipatikana katika vinywa vya Waarabu, ambao lugha yao haina p. Bunduki nayo yatoka Uarabuni: bunduq ilikuwa kokwa ya mti, kisha kidonge kilichorushwa kwa upinde, na baadaye silaha yenyewe. Mguu na kuku, kinyume cha hayo, ni maneno ya Kibantu yote mawili.

Wako wadhanio kwamba jina lilibuniwa ili kuficha siri. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani neno lijulikanalo na wengi halifichi kitu. Lenye nguvu zaidi ni umbo: paja nene lashikwa kiganjani, kiungo chapinda, na muundi mwembamba waelekea mbele. Ndiyo maana gobole, refu na la kushindiliwa baruti mdomoni, haliitwi hivyo.

Desturi hii ni kongwe. Gogo lililotobolewa la wafuga nyuki liliwapa Waswahili jina la mzinga wa vita. Septemba 1914 Wajerumani walipovuka Mto Songwe kuishambulia Karonga, zama hizo bunduki ya rashasha iliitwa bombomu, kwa mlio wake. Mzinga umepanda cheo: Rais hupigiwa mizinga 21, na Morogoro liko Shirika la Mzinga, wala hakuna anayewakumbuka nyuki.

Mguu wa kuku haujapata heshima hiyo, na hapo ndipo penye hatari. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijengwi juu ya mzaha wa mitaani. Shahidi asemaye kwamba aliona mguu wa kuku, pengine gizani, ameshuhudia umbo tu. Huenda kilikuwa chuma kilichopindwa, au hata mchezo wa mtoto. Karani akiandika "bastola" amempa shahidi ujuzi asiokuwa nao, na mshtakiwa atajibu neno ambalo halikutamkwa na mtu yeyote.