Mgeni wa Siku ya Tatu: Historia ya Kupandishwa Chumba, kutoka Kwa Mumia hadi Malaba

Methali ya Waswahili inayosema kwamba mgeni ni siku mbili, na ya tatu apewe jembe, imejengwa juu ya kanuni moja ya kiuchumi: heshima ya mgeni hupungua kadiri siku zake zinavyoongezeka, kwa kuwa mwenyeji humlisha kutoka katika ghala lake mwenyewe, na ghala lina kikomo. Biashara ya hoteli za kisasa imeipindua kanuni hiyo. Katika mipango ya uanachama wa wateja, yaani taratibu ambazo kampuni huzitumia kuhesabu kila usiku ambao mteja ameulipia na kumtunukia alama kwa hesabu hiyo, mgeni hupanda hadhi kadiri anavyozidi kulala, na anayerudi mara nyingi hupewa chumba kilicho bora kuliko kile alicholipia. Tendo hilo la mwisho, ambalo hapa litaitwa kupandishwa chumba, lina historia ndefu kuliko kompyuta zinazoliendesha leo, na sehemu ya historia hiyo inaweza kusomwa katika eneo la Amukura, kwenye vilima vya Waiteso kusini mwa Malaba, ambako wasafiri wamepita kuelekea Uganda kwa zaidi ya karne moja.

Amukura ni mji mdogo wa Kaunti ya Busia, na malango mawili makuu ya mpaka wa Kenya na Uganda hayako mbali nao: Malaba, inayopokea malori yanayopitia Eldoret na Bungoma, na Busia, inayopokea yale yanayopitia Kisumu. Malazi ya eneo hili kwa sehemu kubwa ni gesti na lojingi za wenyeji, ambazo hazina kadi za dhahabu wala za fedha. Hata hivyo, swali ambalo kampuni kubwa hujiuliza ndilo linalomkabili mwenye lojingi kila jioni: kati ya wageni wanaofika, ni nani anayestahili kukumbukwa, na akumbukwe kwa nini?

Mgeni kabla ya malipo

Kabla ya kitanda kuwa bidhaa, nafasi ya mgeni ilipimwa kwa uhusiano. Miongoni mwa Waiteso, kipimo hicho kilionekana wazi zaidi kwenye chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu na watu waliokizunguka chungu kimoja. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waiteso wa Kenya na kuchapisha makala kuhusu unywaji huo mwaka 1980, alionyesha kwamba kikao hicho kilikuwa na kanuni za adabu na za ukoo. Mahali pa mtu penye chungu hapakununuliwa, bali palitokana na umri, undugu na ukwe, na mgeni aliyekaribishwa mrija alikuwa ameingizwa, walau kwa jioni hiyo, katika mpangilio wa nyumba.

Kusini mashariki mwa Amukura, katika nchi ya Wawanga, utaratibu wa namna nyingine ulikua kutokana na biashara ya misafara. Makao ya mtawala wao, Nabongo Mumia, yaliyojulikana kwa wafanyabiashara wa pwani kwa jina la Kwa Mumia, yalikuwa kituo kikuu cha mapumziko kati ya Bonde la Ufa na Buganda, na msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika katika eneo hilo mwaka 1883. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotafuta pembe za ndovu ilihitaji chakula, ulinzi na mahali pa kuwapumzisha wapagazi, na katika njia za misafara za Afrika Mashariki kiongozi aliyetarajia kurudi alikuwa na kila sababu ya kujijengea jina jema kwa mwenyeji wake. Desturi ya kuchanjiana, yaani kufanya undugu wa damu kwa kuchanja ngozi na kubadilishana damu kwa kiapo, ilienea katika njia hizo kwa sababu iliigeuza biashara ya mara moja kuwa uhusiano wa kudumu. Ndugu wa kuchanjiana hakuwa mgeni wa siku mbili, kwa kuwa alirudi kama mtu wa nyumbani na alipokewa hivyo. Ikiwa uanachama ni ahadi kwamba anayerudi atatendewa vizuri kuliko anayepita, basi huo ulikuwa uanachama, ingawa daftari lake lilikuwa kovu mkononi.

Barabara, reli na madaraja

Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza mwaka 1890 kutengeneza njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa, na katikati ya muongo huo Kapteni Bertram Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alipewa kazi ya kuiendeleza kutoka Kibwezi hadi Busia. Wakati huo Busia na Amukura hazikuwa mpakani hata kidogo, kwa sababu Himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi Bonde la Ufa, na ni mwaka 1902 tu ambapo jimbo lake la mashariki lilihamishiwa upande wa Kenya ya leo. Mpaka ambao sasa unawalisha wenye lojingi ulizaliwa kwa amri ya kiutawala baada ya njia kuwa tayari imepita.

Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuja na mfumo mpya kabisa wa kumpima msafiri, nao ni daraja la tiketi. Kando ya reli hiyo, Waingereza walijenga nyumba za mapumziko zilizoitwa dak, neno walilolichukua India, ambako lilihusu posta na vituo vyake vya kupokezana barua, na abiria walishuka humo kula au kulala. Daraja la kwanza, la pili na la tatu hayakutofautiana kwa bei peke yake, kwa kuwa katika mazoea ya utawala wa kikoloni daraja la kwanza lilihusishwa na Wazungu, la pili na Wahindi, na la tatu na Waafrika. Hoteli kubwa za Nairobi, kama vile Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, zilifuata ubaguzi huohuo kwa muda mrefu. Katika mfumo wa aina hiyo kupandishwa chumba hakukuwa na maana kwa walio wengi: Mwafrika aliyesafiri mara mia kwa daraja la tatu alibaki na daraja la tatu, kwani kilichohesabiwa ni rangi yake wala si safari zake. Tawi la reli lililopitia Eldoret na Malaba hadi Tororo, na kuifikia Kampala mwaka 1931, lilileta abiria wengi katika nchi ya Waiteso bila kuibadilisha hesabu hiyo.

Namba ya simu kama kumbukumbu

Mfumo wa uanachama unaotambulika leo ulitoka kwenye mashirika ya ndege. Serikali ya Marekani ilipoacha kupanga nauli na njia za ndege mwaka 1978, mashirika yalijikuta yakiuza bidhaa zinazofanana kwa bei zinazoshindana, nayo yakatafuta namna ya kumfunga abiria kwa kitu kingine kisichokuwa bei. Mnamo Mei 1981 American Airlines ilianzisha mpango wa AAdvantage. Ili kuwapata wanachama wa kwanza, shirika hilo lilipekua Sabre, mfumo wake wa kompyuta wa kuhifadhi nafasi, likitafuta namba za simu zilizojirudia, na kwa njia hiyo likawapata abiria wapatao 130,000 waliosafiri mara nyingi kuliko wengine. Kabla ya hapo, kumjua mteja wa kudumu kulitegemea macho na moyo wa mhudumu, lakini tangu hapo mashine iliweza kumtambua mtu ambaye hakuna mhudumu aliyemkumbuka.

Hoteli hazikukawia. Holiday Inn na Marriott zilianzisha mipango yao mwaka 1983, na Hilton ikafuata mwaka 1987. Mwaka 1999 kampuni ya Starwood iliingia na mpango ulioondoa siku za katazo, yaani tarehe za msimu wa wageni wengi ambapo wanachama walizuiwa kutumia alama zao kupata vyumba. Baada ya Marriott kuinunua Starwood mwaka 2016, mipango yao iliunganishwa, na mwaka 2019 ikapewa jina la Bonvoy. Ngazi zake zilipangwa kwa hesabu ya usiku ambao mwanachama amelala ndani ya mwaka mmoja: 10 kwa ngazi ya fedha, 25 kwa dhahabu, 50 kwa platinamu na 75 kwa titaniamu.

Ukarimu huu una hesabu yake. Chumba ni bidhaa inayooza usiku mmoja, kwa maana kwamba kisichouzwa leo hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe mara mbili kesho. Vyumba vya bei ya chini hujaa kwanza, na mara nyingi vile vikubwa vya ghorofa za juu hubaki vitupu, kwa hiyo kumhamisha mwanachama kutoka chumba cha kawaida kwenda kikubwa huigharimu hoteli kidogo tu, huku kukifungua nafasi ya chini kwa mteja mwingine anayelipa. Hii ndiyo sababu masharti ya mipango hiyo kwa kawaida huahidi chumba bora ikiwa tu kimebaki. Aidha, usiku mwingi unaohesabiwa hulipiwa na mwajiri aliyemtuma mfanyakazi safarini, ilhali alama na chumba kikubwa humwendea mfanyakazi mwenyewe, naye akapata sababu ya kuchagua hoteli kwa manufaa yake kwa fedha isiyo yake.

Mpaka uliofundisha kungoja

Malaba na Busia zilikua kwa sababu ambayo mipango hiyo haiijui: mgeni wa huko hakuchagua kulala. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya baridi kali ya mwaka 1975 kuharibu mibuni ya Brazili na bei ya kahawa kupanda duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo hadi masoko ya upande wa Kenya, na Chepkube, katika nchi ya Mlima Elgon, likawa soko mashuhuri la biashara hiyo. Mtu wa magendo alitaka kwa mwenyeji wake kinyume cha kile anachotaka mwanachama wa leo, kwa kuwa fadhila kubwa kwake ilikuwa kutokumbukwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika pamoja na shirika lake la pamoja la reli, na mzigo wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ukazidi kutegemea malori. Bomba la mafuta lilipofika Eldoret na Kisumu mwaka 1994, matangi nayo yakaanza kupakia katika miji hiyo na kuelekea mpakani.

Karatasi za forodha zilikaguliwa upande wa Kenya, kisha zikakaguliwa tena upande wa Uganda, na dereva na tanboi wake wangeweza kungoja kwa siku kadhaa. Mgeni aliyelazimika kulala hakuhitaji kuvutiwa, na chumba chochote chenye kitanda kilipata mtu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2014, Eneo la Pamoja la Forodha lilipoanza kuruhusu ushuru ulipwe kabla ya mzigo kuondoka Mombasa. Halafu vikaja vituo vya pamoja vya mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja ili msafiri asimame mara moja tu, na kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018. Kungoja kulipungua kutoka siku hadi saa, isipokuwa mwaka 2020, wakati vipimo vya korona viliporudisha foleni za malori za kilomita nyingi kuelekea Malaba.

Kupungua huko kwa foleni ndiko kulikomgeuza mteja wa mpakani kuwa mtu wa kubembelezwa. Dereva anayeweza kuvuka usiku huohuo, au kulala ndani ya lori na kuibakiza posho ya safari mfukoni, hulala gesti kwa hiari, na mwenye hiari hushawishiwa. Kwake yeye, chumba bora si lazima kiwe kikubwa: ni chenye choo na bafu ndani, kilicho mbali na kelele za baa, na ambacho dirisha lake linaitazama yadi alikoegesha mzigo wa watu. Kumpa chumba hicho kwa bei ya kile cha kawaida, kwa sababu tu ni kastoma wa kila mwezi, ni kumpandisha chumba kwa maana ileile inayotumiwa Nairobi au Chicago, na hesabu inayofuatwa ni ileile ya chumba kitakachobaki kitupu. Hata suala la mlipaji linafanana, kwa kuwa posho hutoka kwa tajiri wa lori.

Tofauti iko katika mahali kumbukumbu inapotunzwa. Katika lojingi, kumbukumbu hiyo imo katika daftari la wageni na zaidi katika kichwa cha mhudumu wa mapokezi, na mhudumu huyo akiacha kazi, kastoma wa miaka kumi huanza upya kama mpita njia. Simu imeanza kuliziba pengo hilo, kwani tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kila malipo huacha alama ya maandishi inayoonyesha nani alilipa na lini, na mwaka 2020 kampuni ya simu ya Safaricom, yenye huduma hiyo, iliwaruhusu wateja wake kulipia bidhaa na huduma kwa alama zao za Bonga. Mwenye gesti wa Amukura anayepitia jumbe za malipo akitafuta majina yanayojirudia anafanya kwa kidole kile ambacho Sabre ilifanya mwaka 1981.

Kwa hiyo, methali ya jembe haijapinduliwa kikamilifu kama inavyoonekana mwanzoni. Mwenyeji wa zamani alimpa mgeni jembe siku ya tatu kwa sababu siku mbili za kwanza zilikuwa zawadi, ilhali katika hoteli za uanachama na katika gesti za Malaba hakuna usiku ulio zawadi, na chumba kikubwa cha usiku wa 50 kimelipiwa kidogo kidogo na usiku 49 uliotangulia. Mgeni wa leo hukabidhiwa jembe lake siku anapojiandikisha, naye hulima kila anapolala. Chumba anachopandishwa ni sehemu ya mavuno yake mwenyewe.