Uzi Unaoshikanisha Seli: Historia Fupi ya Saratani ya Matiti

Tumezoea kuzungumza hapa habari za singo, hina na udi. Leo tuingie ndani zaidi ya ngozi.

Miaka 1,000 na zaidi iliyopita, tabibu Muislamu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif kwamba saratani ya titi ikiwa changa na ndogo yaweza kukatwa yote. Ikishakuwa kubwa na kongwe, alikiri kuwa hajawahi kuiponya wala hajaona aliyeiponya. Alijua kwamba kuchelewa ndiyo hatari. Sababu iliyojificha ndani ya seli hakuwa na chombo cha kuiona.

Sehemu ya jibu ilitoka Japani. Miaka ya 1970, Masatoshi Takeichi wa Kyoto aligundua kwamba seli hushikana kwa protini zinazohitaji kalsiamu. Mwaka 1984 protini hizo zikapewa jina la kadherini. Ile inayoshikanisha seli za titi huitwa E-kadherini. Fikirieni mkeka: ukili hushonwa kwa ukili mwenzake. Uzi ukikatika, mkeka hufumuka.

Mwaka 1995 watafiti wa Ubelgiji walionesha kwamba katika saratani inayofanana na seli za vifuko vya maziwa, jini ya E-kadherini huwa imeharibika. Katika kila saratani 100 za matiti, aina hii ni kama 10 hadi 15. Seli zake hupenya moja moja, kama siafu njiani. Kwa hiyo mara nyingine hakuna donge la kushika. Titi huwa gumu au zito sehemu moja, ngozi huvutika, chuchu huzama. Hata picha ya mammografia huweza kuikosa.

Je, uzi ukikatika ndiyo hukumu ya kifo? La. Katika saratani ya mifereji ya maziwa, tafiti nyingi zimehusisha upungufu wa E-kadherini na kusambaa kwa ugonjwa, ingawa si zote zinazokubaliana. Lakini ile ya vifuko, iliyoipoteza tangu mwanzo, mara nyingi husikia dawa za kuzuia homoni. Ndiyo maana daktari hutazama pia ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani na vipokezi vya homoni. Hayo yote huanza na kukatwa kinyama kikapimwe maabara.

Hapa kwetu, hospitali ya Ocean Road iliyojengwa enzi za Wajerumani ilifanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Dada wa Msangano, kule Momba mkoani Songwe, husafiri nchi kavu kupitia Mbeya. Dada wa Micheweni huvuka bahari. Safari zao mara nyingi hukutana Dar es Salaam. Kila mwezi unaopotea kwa aibu au kwa kuogopa kuachwa na mume huirefusha safari hiyo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta matibabu. Basi masomo na makungwi, mnapomfunda mwari, mfundisheni pia kulijua titi lake, ili likibadilika asisubiri donge. Na waume wasikie: mke aliyekatwa titi ni mke yule yule.