Ufugaji wa vipepeo wawapa riziki majirani wa Arabuko-Sokoke

Asiye na shahada ya chuo aweza kujipatia kipato nyumbani kwake, hasa akiishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi. Mradi wa Kipepeo ulioko Gede, ulioanzishwa mwaka wa 1993 chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, hununua pupa kutoka kwa wanavijiji na kuziuza kwa kumbi za maonyesho Ulaya na Marekani.

Mfugaji hunasa vipepeo majike msituni, akawatia katika kizimba cha wavu ili watage. Kazi hasa ni kulisha viwavi. Kila aina ina majani yake, na sisimizi wakipenya, jasho lote hupotea. Kiwavi akishajifunga ndani ya ganda na kuwa pupa, hakuna kungoja: ikichelewa siku chache, kipepeo hutoka safarini.

Soko hilo li mbali, nalo laweza kukatika ghafla, kama kumbi zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona. Lakini wapo majirani waliotaka msitu ukatwe wapate mashamba. Mfugaji, bila miti hiyo, hana pa kupata kipepeo wa kuanzia.