Mjeledi au Fungu la Dagaa? Historia ya Kumfundisha Mbwa, Kuanzia Hapa Ujiji

 

Leo tuzungumzie mbwa. Swali linaloulizwa sana na wafugaji ni hili: "Ninunue kitu gani ili mbwa wangu alinde vizuri na anisikie?" Wapo wanaoulizia mnyororo mzito. Wapo wanaoulizia mkanda wa shingoni wenye meno ya chuma. Siku hizi kwenye simu zinapita picha za mkanda wa umeme, unabonyeza rimoti mbwa anapigwa shoti. Na wapo wasionunua chochote: wanatumia fimbo, au wanampa mbwa pilipili kwa imani kwamba atakuwa mkali.

Kabla hujatoa hela yako, turudi nyuma kidogo kwenye historia. Sehemu yake imepita hapahapa Ujiji, jirani na Buzebazeba. Inatufundisha jambo moja: kipigo humfundisha anayepigwa kumkwepa anayepiga, lakini zawadi humfundisha kazi yenyewe. Mwisho wa makala utaona kwa nini tofauti hiyo inaweza kuokoa maisha ya mtoto wako.

Mbwa wa Livingstone

Habari za Livingstone na Stanley kukutana Ujiji mwaka 1871 tunazijua tangu shule ya msingi. Wachache wanajua kwamba Livingstone alianza safari yake ile ya mwisho akiwa na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane. Katika shajara yake anaeleza kwamba mbwa yule aliusimamia msafara mzima. Alikimbia mbele kumwangalia wa kwanza, kisha akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asibaki njiani. Wakifika kambini, akishajua kibanda cha bwana wake, hakuruhusu mbwa wa kijijini asogee. Na yeye mwenyewe hakuwa mwizi wa chakula.

Chitane hakuwahi kuiona Ujiji. Alizama Januari 1867 msafara ulipokuwa ukivuka kinamasi katika nchi ambayo leo ni Zambia. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869, bila mbwa wake.

Iangalie kazi ile: kuhesabu watu, kulinda kibanda, kutogusa mboga ya wenyewe. Ndiyo kazi unayoitaka kwa mbwa wako. Lakini ni kazi ya mbwa anayependa kuwa karibu na watu. Mbwa anayewaogopa watu hukaa mbali nao.

Mjeledi wa mbwa kwenye mgongo wa mpagazi

Sasa mtazame Stanley. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 kuhusu safari yake ya kuja Ujiji, anaandika bila haya kwamba mvua na matope yalipowalegeza watu wake, mjeledi wa mbwa ulipita migongoni mwao, nao wakachangamka. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mnyama kikatumika kwa binadamu.

Matokeo yake yamo ndani ya kitabu hichohicho. Kimejaa habari za utoro: watu waliotoroka njiani, waliosakwa, waliorudishwa. Mwishowe Stanley akaanza kuwafunga watoro sugu kwa mnyororo, wa aina ileile waliyofungwa watumwa.

Simlinganishi mtu na mbwa, ndugu msomaji. Nalinganisha vyombo na mawazo ya wanaovishika. Kwanza mjeledi, kisha utoro, kisha mnyororo. Zitazame nyumba nyingi zenye mbwa wa kupigwa, utaona mlolongo uleule: anapigwa, anatoroka, anafungwa, na akifungwa muda mrefu anakuwa mkali kwa kila mtu.

Walipotawala Wajerumani, chombo kilikuwa kiboko, mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo tunayemwona ziwani. Adhabu iliyojulikana sana ni "hamsa ishirini", yaani viboko 25. Utawala ule uliondoka Kigoma mwaka 1916 Wabelgiji walipoingia, lakini neno kiboko bado tunalo hadi leo.

Kitabu cha afisa wa polisi

Miaka hiyohiyo, kule Ujerumani kwenyewe, afisa wa polisi Konrad Most alikuwa akifundisha mbwa wa polisi. Mwaka 1910 alitoa kitabu cha kumfundisha mbwa ambacho kilisomwa kwa miaka mingi. Most alijua faida ya zawadi, lakini njia yake ilitegemea sana kumlazimisha mnyama: kumvuta kwa kamba, kumchapa, kumvalisha mkanda wenye miiba. Njia za namna hiyo zikaingia jeshini, kisha zikaenea hadi kwa raia wa kawaida huko Ulaya na Marekani. Miaka ya 1960 Wamarekani wakaongeza mkanda wa umeme, kwanza kwa mbwa wa kuwindia.

Tusidanganyane: maumivu yanaweza kumfanya mbwa atii. Ndiyo maana bidhaa hizi zinauzika. Swali ni mbwa anatii kwa muda gani, na unalipa nini baadaye. Wales, ambayo ni sehemu ya Uingereza, ilipiga marufuku mikanda ya umeme kwa mbwa mwaka 2010. Bidhaa inayokatazwa kwao isije ikawa dili kwetu.

Njia ya pili: zawadi

Njia ya zawadi nayo si ya jana. Mwindaji yeyote anajua kwamba mbwa akinyimwa fungu lake la nyama, siku nyingine hatakimbia kwa moyo.

Wataalamu waliieleza zaidi baadaye. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aligundua kwamba mbwa akizoea kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa, mate huanza kumtoka kwa mlio peke yake. Miaka ya 1940 huko Marekani, Keller Breland na mkewe Marian wakaigeuza elimu ya namna hiyo kuwa kazi. Walifundisha kuku, nguruwe na wanyama wengine wengi kwa mlio mdogo na chakula. Mlio unamwambia mnyama, "Hapo hapo umefanya sawa," na chakula kinafuata.

Sasa panda treni hapo Kigoma, pita Tabora na Dodoma, shuka Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku. Ndiyo, panya buku yuleyule anayekula mihogo na mahindi yako. Anafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa.

Wanamfundishaje? Kwa kidude kidogo kinacholia "ta!" na kipande cha ndizi au karanga. Panya akinusa kwa usahihi, anasikia mlio, anapewa chakula. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa. Kwa uzito wake mdogo hawezi kulipua bomu, na eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye mashine ya kutafuta chuma anaweza kuchukua hadi siku nne.

Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Morogoro mwaka 2013 akapelekwa Kambodia. Alipata mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Fikiri: ungemchapa panya yule, angekuuma au angejificha. Hakuna kiboko kinachoweza kumlazimisha mnyama anuse kwa uaminifu. Ndiyo maana hata mbwa wanaonusa pembe za ndovu kwenye bandari na viwanja vya ndege hufanya kazi kwa kutazamia mpira wa kuchezea au chakula.

Mwaka 2020 pia, watafiti nchini Ureno walitoa matokeo ya kuwatazama mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Waliofundishwa kwa maumivu na vitisho walionyesha hofu zaidi darasani, na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo. Hata walipopelekwa chumba kingine na kuwekewa bakuli ambalo hawakujua kama lina chakula au halina, walilisogelea polepole kuliko wenzao. Hofu waliondoka nayo darasani.

Hili linaokoaje maisha?

Linaokoa kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Kinga kubwa ni kuchanja mbwa. Tukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Lakini chanjo inataka mbwa ashikike. Siku ya chanjo mwenye mbwa anamleta kwa kamba, anamshika, sindano inaingia, basi. Mbwa aliyezoea kwamba mkono wa binadamu ni kipigo hashikiki. Akiona kamba anakimbilia porini, au anamuuma mwenye nyumba. Anabaki bila chanjo, na ndiye huyohuyo anayezurura usiku kugombana na mbwa wageni. Mbwa "mkali" uliyemtengeneza kwa pilipili na mnyororo hachagui mwizi. Anamuuma mtoto wa jirani, au mteja aliyekuja kununua mawese.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri dalili.

Ufanye nini nyumbani

1. Anza na mtoto wa mbwa. Akifika kwako tu, mzoeshe sauti yako na jina lake.
2. Tumia neno moja kwa jambo moja. "Njoo" iwe "njoo" kila siku, kwa watu wote wa nyumbani.
3. Zawadi itoke papo hapo. Dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi, au ukoko wa ugali, unatosha. Ukichelewa, hajui unamlipa kwa lipi. Itoe kwenye chakula chake cha siku, usiongeze gharama.
4. Fundisha kwa muda mfupi. Dakika tano asubuhi na tano jioni.
5. Mzoeshe kushikwa. Mguse masikio, mdomo, miguu na bega, mvalishe kamba, kisha zawadi. Hayo ndiyo maandalizi ya siku ya chanjo.
6. Akikosea, mnyime. Akikurukia, geuka usimtazame. Akiiba mboga, funika sufuria na funga mlango wa jiko. Usimpige baada ya kosa kupita, kwa sababu hajui kosa lenyewe ni lipi.
7. Akibweka usiku, toka uangalie. Ukishaona, mwambie "basi", na akinyamaza mpe zawadi. Mbwa wa ulinzi kazi yake ni kukuamsha.

Mbwa aliyekwisha pigwa sana naye anafundishika, ila taratibu. Mrushie chakula kwa mbali, na kila siku upunguze hatua moja.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Ujiji, huuliza kuhusu mate ya mbwa. Njia hii haikulazimishi akulambe mkono: dondosha zawadi chini au kwenye chombo chake. Na nyote mnaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa.

Kwako mwenye duka

Wewe ndiye unayeamua nini kiwekwe rafuni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, mbwa akiwemo. Mkanda wa meno ya chuma utauza mmoja, na mteja asirudi, au arudi na kesi ya mtoto aliyeumwa. Weka mkanda laini wa ngozi au wa nailoni, kamba nzuri ya kutembezea, bakuli, dawa ya kupe, na vifungu vidogo vya dagaa wa mbwa. Dagaa huyo atanunuliwa kila wiki. Mteja akiulizia mnyororo mzito, muulize kwanza mbwa wake anakimbia nini.

Ukihitaji kujua ratiba ya chanjo, fika ofisi ya mifugo ya kata yako. Mlete mbwa wako kwa kamba, na mfukoni uwe na dagaa wachache.